Kura ya Usingizi

Niliingia ndoto ya wilaya ya Mabondeni asubuhi, jua likiwa limeshapiga mabati ya ofisi, nikawakuta wanapika.

Masufuria yalikuwa makubwa kupita nyumba, ndivyo ndoto zilivyo, na moshi ulikuwa unapanda taratibu bila kumuumiza mtu macho. Wanaume wa chama cha Kisima walikuwa wanapasua kuni. Wanawake wa chama cha Upinde walikuwa wanachagua mchele kwenye sinia, wamekaa kwenye majamvi, miguu wameinyoosha. Nikasimama nikashangaa, maana mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mabondeni na najua kule Kisima na Upinde hawaazimani hata kiberiti. Wakati wa uchaguzi walichomeana maduka. Mpaka leo daraja la Sange limezibwa kwa magogo, Kisima huku, Upinde kule, na mtu akitaka kumsalimia shangazi yake wa ng'ambo anampungia mkono kutoka ukingoni. Sasa hawa hapa, mtu wa Kisima anampokeza shoka mtu wa Upinde, na wa Upinde anasema ahsante ndugu yangu.

Nikapita katikati yao. Ardhi ya ndotoni hubonyea kidogo unapoikanyaga, halafu inarudi, na ukizoea unajisikia mwepesi kwelikweli. Nikamwendea yule mwenye shoka nikamuuliza swali ambalo sisi wasomaji tunaruhusiwa kuuliza, hilo hilo moja.

"Mmekubali?"

"Tumekubali," akajibu kwa sauti ya chini. "Hamna neno."

Nikamuuliza mwanamke wa mchele. Naye akasema hamna neno. Nikawauliza waliobeba maji, waliotandika turubai, waliokaa tu wameshika tama. Wote wamekubali. Kisima na Upinde watawale pamoja, serikali ya mseto, nusu mkate huku nusu kule, hamna neno kabisa. Walisema hivyo bila kutabasamu. Ukungu ulikuwa unapita miguuni mwao, na kila mtu alikuwa anatembea polepole, anaweka vitu chini bila kelele.

Ndipo nikaona kwamba wanawake wote wamejifunga kanga kiunoni, na kwamba mbele ya nyumba viatu vimevuliwa vingi mno. Nikarudi kwa yule wa mchele.

"Dada, nani kafa?"

Sikuruhusiwa kuuliza hilo. Yule mwanamke akainua uso, akafungua mdomo anijibu, na pale palipotakiwa kuwa na jina pakawa na mvumo wa upepo tu. Kisha ndoto ikaanza kuyeyuka kuanzia pembeni, nikavuliwa kofia.

*

Nieleze kazi yangu kidogo, maana wapo wanaodhani sisi ni waganga.

Nchi yetu ilichoka na maoni ya watu walio macho. Mtu ukimuuliza mchana anakupa jibu analoona litamfaa. Akimwona anayeuliza ni wa Kisima, yeye ni Kisima tangu tumboni. Akija wa Upinde, vivyo hivyo. Na wale wasiojua kudanganya ndio waliochomewa nyumba. Basi ikapitishwa Sheria ya Ukimya: maoni ya siasa hayasemwi mchana wala hayaulizwi, awe nani. Mwenye maoni akalale nayo.

Kila mwananchi akapewa mto, ila sisi wasomaji. Ndani ya pamba mna nyuzi nyembamba zinazosikiliza kichwa. Mtu akizama kwenye usingizi mzito, mto unamuuliza sikioni swali la taifa, na ndoto inayofuata ndiyo jibu lake. Mtambo unazikusanya ndoto za wilaya nzima na kuzichuja kama tui, zinakwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yanabaki yale tu ambayo watu wengi wameyaota pamoja. Majina na sura hufutwa yote ili mtu asije akafuatwa kwa alichokiota. Kinachobaki hapo ndicho tunachokiingia sisi. Mtambo unajua kuchuja, ila hauelewi, na ndiyo maana kuna mimi, Siwema, msomaji mkuu, navaa kofia yenye nyaya, nalala kwenye benchi na kutembea ndani ya ndoto za watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Na matokeo hayawi matokeo mpaka msomaji mkuu ayatamke kwa kinywa chake mbele ya watu. Hiyo ndiyo sheria. Mpaka siku ile nilikuwa naiona ni heshima.

Nilipotoka chumbani nilimkuta Nahashoni, msomaji mwenzangu, anakunywa chai ya tangawizi dirishani. Yeye alisoma wilaya za kaskazini. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

"Dada Siwema, tumepona," akasema. "Wilaya zangu zote ndiyo. Daraja linafunguliwa. Kaka yangu yuko ng'ambo, mtoto wake ameanza kutembea sijamwona hata kwa macho."

"Wilaya zako ulikuta nini?"

"Msiba. Watu wamekusanyika wanapika."

"Zote?"

"Zote." Akanitazama. "Mwaka ulikuwa mbaya, dada. Watu wataacha kuota misiba?"

Ningeweza kukubaliana naye. Wallahi nilitaka. Hakuna mtu katika jengo lile aliyeutaka mseto kuliko mimi, na nitawaambia kwa nini.

Mwanangu Mbaruku yuko ndani. Alisimama sokoni mchana kweupe, akaweka kikapu cha kunde na ndoo mbili, moja ya ndiyo kwa mseto na moja ya hapana, akawa anawaambia wapitao: chukua kunde, weka unapotaka, hakuna atakayekuuliza jina. Watu walimkimbia kama mwenye ukoma. Walikuwepo wachache waliotia, na kunde hazijafunika hata kitako cha ndoo askari wakafika. Tangu masika yaliyopita yuko gereza la Kirwa. Na katika masharti ya mseto, sharti la kwanza, la kwanza kabisa, ni kwamba wafungwa wote wa uchaguzi na wa Sheria ya Ukimya wanaachiwa siku matokeo yatakapotamkwa.

Kwa hiyo nilitaka. Lakini miguu yangu ilikuwa inanipeleka kwa mkurugenzi.

*

Gwandumi, mkurugenzi wa Tume inayoendesha kura hii, ni mtu mpole. Upole wake ni wa kukukalisha kwanza, akakuuliza habari za magoti. Nikamwambia naomba kulisikia swali.

"Bi Siwema, wasomaji hawasikilizi swali. Mnajua wenyewe. Litawapotosha."

"Msiba mmoja wilaya zote, Mkurugenzi. Nimesoma ndoto miaka yote hii, watu hawajawahi kuota kitu kimoja. Hata njaa kila wilaya inaiota kivyake."

Akafikiri. Nadhani aliona kunikatalia kutanipa kiburi. Akafungua kabati, akatoa vipokea sauti, akaniwekea masikioni yeye mwenyewe, kwa adabu.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha ikaja sauti, na mimi nikasimama.

Ilikuwa sauti ya Bi Zuwena.

Kwetu hakuna asiyemjua Bi Zuwena Halfani. Ndiye aliyekuwa anasoma matangazo ya vifo redioni kila jioni, tangu mama zetu wakiwa wasichana. Sauti nene, haina haraka, inakupa muda wa kukaa. Ikianza tu, watoto wananyamazishwa, kijiko kinabaki ndani ya chungu. Kisima na Upinde wote walimpenda, maana alizika wa pande zote kwa sauti ile ile. Alipokufa yeye mwenyewe redio ilikaa kimya jioni nzima. Hakuna mtangazaji aliyekuwa na moyo wa kumtangaza.

"Habari hizi ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo," ilisema ile sauti sikioni mwangu. Kisha ikatua, pale pale alipokuwa akitua siku zote kabla ya kutaja jina la marehemu. Kisha ikaendelea: "Kisima na Upinde watawale pamoja?"

Nilipofungua macho nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi ya mkurugenzi, mtandio nimeushusha begani na kuufunga kiunoni. Sikumbuki nilivyoufunga. Na katika ule mtuo mdogo, ambamo haikusemwa kitu chochote, mimi nilisikia jina la Mbaruku. Nililisikia waziwazi, kwa sauti ya Bi Zuwena, pamoja na jina la baba yake. Nikakaa chini.

"Sauti nzuri, siyo?" akasema Gwandumi. "Tulipima sauti nyingi. Hii ndiyo watu wanayoiamini kuliko zote. Na yale maneno ya mwanzo tuliyaacha kama alivyokuwa akiyasema, ili wasishtuke."

"Mmewatangazia msiba."

"Tumewauliza swali."

"Mkurugenzi, umewatangazia watu msiba usingizini, halafu ukawauliza kama wana ugomvi. Nani atasema ana ugomvi? Mtu wa kwetu akisikia sauti hii, anatafuta kanga kwanza, jina la aliyekufa baadaye. Anakwenda hata kwa adui yake. Akifika pale anaambiwa beba maji, anabeba. Anaambiwa kaa na fulani, anakaa."

"Na hilo ni baya?"

Nilianza kuufungua mtandio kiunoni.

Akavuta kiti karibu. "Nisikilize, Bi Siwema. Watu wetu wakiwa msibani ndiyo watu bora kuliko wote duniani. Nimezunguka nchi nyingi, sijaona. Mimi nikitafuta maoni ya taifa, kwa nini nisiwaulize wakiwa pale? Kwa nini niwaulize wakiwa sokoni wanatukanana? Wewe unaniambia ule upendo siyo wao?"

"Ni wao. Lakini msibani mtu hasemi anachotaka, anasema kinachofaa. Mfiwa akikuuliza kama ulipata chakula, unasema nimeshiba, na tumbo linanguruma. Huwezi kuchukua neno lile ukaenda kuandika kwamba nchi imeshiba."

Akacheka kidogo, kwa huzuni. "Tukirudia kwa sauti nyingine itachukua mpaka mvua za vuli. Na wakisema hapana? Umeliona daraja. Wale vijana wa pande zote mbili wanalala na mapanga. Wewe utakuja kusoma ndoto za nani?" Kisha akainama akaokota pini ya mtandio wangu iliyoanguka, akanipa. "Na Mbaruku naye anangoja."

Alilitamka jina la mwanangu kwa upole, na mimi nilimchukia kwa ule upole kuliko kama angenitisha.

"Kesho mchana utatamka," akasema. "Nenda ukamwone kijana. Nimekwisha kuwapigia simu Kirwa."

*

Njia ya Kirwa ina ukungu hata mchana. Unakwenda huoni mbele, unasikia ng'ombe, unasikia mtu anakohoa, halafu anatokea karibu na wewe anakuamkia na kupotea tena. Nilitembea ndani yake nikahisi bado nimevaa kofia. Mara mbili niliikanyaga ardhi kwa nguvu nione kama itabonyea.

Askari wa zamu alinipeleka chumba cha wageni, chumba chenye benchi na meza ya bati. Mbaruku akaletwa. Aliponiona alisimama mlangoni, hakuja.

"Shikamoo mama," akasema, ananikodolea macho.

"Marahaba. Njoo basi. Mbona unanitazama hivyo?"

Akaja, akanishika kiganja kwa mikono yake miwili, akakigeuza, akakibonyeza kama anayechagua parachichi. Kisha akaweka kichwa mezani akalia. Mwanangu huyu ana ndevu. Sijamwona akilia tangu avunjike mkono akiwa darasa la pili.

Akaniambia. Hata gerezani wana mito. Sheria yetu haimnyimi mfungwa usingizi. Juzi usiku alimsikia Bi Zuwena, na Bi Zuwena alisema habari hizi ziwafikie popote walipo, akatua, akataja Siwema binti Makame, wa Mabondeni. Akajikuta uani kwetu. Watu wamejaa. Askari waliomkamata sokoni wapo, wanachoma mihogo ya waombolezaji. Akaulizwa kitu, hakusikia vizuri ni kitu gani, kuhusu kutawala pamoja.

"Nikasema ndiyo, mama. Ningesema ndiyo kwa lolote. Nilikuwa nataka wanipishe tu nifike ndani kwako."

"Ulipoamka?"

"Nilipoamka niliomba ruhusa ya kuja kuzika. Mkuu wa gereza akaniambia hakuna taarifa ya kifo. Nikadhani wananificha." Akafuta pua kwa kiwiko cha mkono. "Na siyo mimi peke yangu. Chumba chetu kizima kiliamka na msiba. Kila mtu na wake."

Nikamweleza yote, ya Gwandumi na swali na kesho mchana. Sikumficha kitu, maana ni mtoto niliyemzoea kumwambia ukweli hata ulipokuwa haumfai. Nilitegemea atanijia juu. Huyu ndiye tuliyekuwa tukigombana naye jikoni, mlango umefungwa na redio imepandishwa sauti, mimi nataka mseto, yeye ananiambia mama, mseto ni wakubwa kugawana mkate na sisi kuokota makombo. Tuligombana mpaka ugali unaungua. Yalikuwa mazungumzo yangu matamu kuliko yote ya maisha yangu, na yalikuwa kosa la jinai.

Hakunijia juu. Alitazama mlango.

"Nitoe, mama," akasema.

"Mbaruku."

"Nimechoka. Humu hakuna mtu anayezungumza. Wanaogopa hata kusema chumvi imezidi. Nitoe. Nikiwa nje nitarudi kukataa, nitakataa kila siku, lakini nikiwa nje." Akanishika tena kile kiganja. "Wewe unautaka mseto. Umeutaka siku zote. Unachotakiwa kusema ni neno moja, na neno lenyewe unaliamini."

Hapo ndipo aliponipiga, kwa sababu ilikuwa kweli. Ningepewa mto kama watu wengine, ningesema ndiyo bila kusikia jina la mtu yeyote. Niliondoka Kirwa bila kumjibu. Alinisindikiza mpaka pale anaporuhusiwa kufika, na aliponiaga alisema atakuwa amefunga vitu vyake.

*

Ukumbi wa Tume una ngazi pana, na watu walijaa kuanzia ngazini mpaka barabarani, wamesimama kwenye manyunyu bila kusema kitu. Ndivyo watu wetu wanavyokusanyika siku hizi. Unasikia nguo zinavyosuguana na unasikia matone kwenye miavuli. Kisima walisimama kushoto na bluu yao, Upinde kulia na njano yao, katikati pamebaki njia.

Jukwaani walikaa mwenyekiti wa Kisima na mwenyekiti wa Upinde, kila mmoja na shada la maua shingoni, wanatabasamu kila mmoja upande wake. Gwandumi alinishika kiwiko kunisaidia kupanda. Nilikuwa nimejipa sababu zote njiani. Nilikuwa nimeshamwona Mbaruku anaingia mlangoni, nimeshamwekea maji ya kuoga. Kipaza sauti kikaletwa mbele yangu, nikaanza kwa maneno yale ya desturi.

"Taifa limelala, taifa limesema."

"Limesema nini?" umati ukaitikia, kwa sauti ya chini, wote pamoja.

Sijui niseme nini kuhusu kilichonipata. Nilitazama nyuso zao nikaona zinafanana na nyuso za ndotoni, zimeinama, zina adabu, zinangoja kuambiwa wabebe nini. Nilijua wangebeba. Ningesema ndiyo wangesema hamna neno, na wangerudi nyumbani wakiamini kwamba ndilo walilolitaka, na kila mmoja angekuwa hajui kwa nini moyo wake umejaa kilio. Na mwanangu angekuwa nyumbani kwa sababu alidhani nimekufa.

"Halijasema," nikasema.

Gwandumi akaniachia kiwiko.

"Ndugu zangu, mliulizwa kwa sauti ya marehemu Bi Zuwena. Kwa maneno yake, na kwa mtuo wake. Hamkujibu swali. Mlikwenda msibani. Mlikubali kama mtu anavyokubali msibani, na mimi nimezisoma ndoto zenu, zilikuwa nzuri, sijawahi kusoma nzuri kama hizo. Lakini siyo jibu. Mimi binafsi nautaka mseto. Mnisikie vizuri, nautaka, na mwanangu yuko Kirwa anaungoja. Siwezi kuuchukua kwenu kwa njia hii."

Mwanamke mmoja, upande wa bluu, akasema kama anayejiongelea: "Mimi nilisikia jina la mume wangu."

"Mimi la dada yangu," akasema mwingine, upande wa njano.

Yakaanza kutoka hivyo, jina hapa, jina kule, watu wanageukiana kwenye manyunyu wanaambiana walimlilia nani. Jukwaani wale wenyeviti wawili wakainamiana na kunong'onezana, halafu wakanyoosha mikono pamoja kumwonyesha fundi akate umeme wa kipaza sauti. Ndiyo mara ya kwanza niliyowaona wamekubaliana jambo.

Fundi alikata, lakini haikusaidia. Mwanamume mmoja mwenye shati la bluu, mfupi, mwenye kikohozi, alikuwa amepanda kwenye ngazi. Alitazama askari, akatazama watu. "Mimi hapana," akasema. "Siutaki mseto. Niko macho na siutaki." Kisima mwenzake wa pembeni yake akamjibu kwamba yeye anautaka, tena sana, na ni mpumbavu tu asiyetaka daraja lifunguliwe. Mama wa njano akadakia. Askari walitazamana. Hawakujua wamkamate nani, kwa maana walikuwa wanasema wengi, na bluu na njano zilikuwa zimeanza kuchanganyikana, huyu anamfuata yule wa rangi nyingine kwa sababu wamekubaliana, yule anamkimbia wa rangi yake kwa sababu wametofautiana. Kelele ikapanda mpaka ndege wakaruka kwenye mabati. Nilikuwa nimesahau kelele ya watu ikoje.

Nahashoni alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kichwa mikononi. Nilipita karibu naye. Hakuinua uso.

*

Sikufukuzwa siku ile. Walikuwa na shughuli nyingine. Tume ilitangaza kwamba swali litaulizwa upya, mchana, kwa watu walio macho, kila mtu kwa kinywa chake, na Sheria ya Ukimya imesimamishwa mpaka hapo. Hawakuwa na namna, maana watu walikuwa wameshaanza kuulizana wenyewe sokoni, na magereza yasingewatosha. Daraja bado limefungwa. Masharti ya mseto yanangoja jibu, na wafungwa wanangoja pamoja nayo.

Nilikwenda Kirwa kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa mwingine. Nilichelewa. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi, furushi lake liko miguuni, limefungwa vizuri kwa kamba, na uso wake ulinionyesha kwamba ameshajua.

"Umeniacha humu," akasema.

"Nimekuacha."

Nikakaa karibu naye. Alisogea kidogo asiguswe na bega langu, na hilo liliniuma kuliko neno lolote. Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani, mweupe, na askari alikuwa anapitapita hapo nje, unamwona anaisha halafu anaanza tena.

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wajibu."

"Na wakisema hapana?"

"Utabaki, mwanangu." Nililia wakati nikisema hivyo, sikuweza kujizuia, na wala sikujaribu. "Utabaki, na mimi nitakuwa nakuja."

Akafungua furushi polepole, akatoa shati, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

"Sisi wa humu watatuuliza?" akasema hatimaye.

"Watawauliza. Nimehakikisha. Ataletwa mwandishi na meza, mchana, na kila mfungwa atajibu kwa kinywa chake."

"Mimi pia."

"Wewe pia."

Akaliweka shati mapajani. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeingia, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini ni yale yale ya jikoni kwetu.

"Nitasema hapana, mama."

"Najua," nikamwambia. "Sema."